Dereva wa Kompyuta

Watu wakiniuliza ni kazi gani ya kompyuta ninayojivunia zaidi, huwa nawadanganya. Nawatajia mfumo fulani mkubwa wa miaka ya baadaye, wenye skrini za rangi, nao wanatikisa vichwa kwa heshima. Ukweli ni kwamba kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya ilikuwa mstari mmoja. Niliuandika Thika, kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Mstari mmoja tu, mfupi kuliko jina langu. Na pamoja na huo mstari nilimmaliza mama wa watu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kichwa kikubwa. Nyumbani ni Ruiru, na nilikuwa bado nakula ugali wa mama yangu. Chuoni nilikuwa nimepata CD ya mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ule ambao mtu yeyote anaweza kuufungua akasoma umeandikwaje ndani. Nikausoma. Nikashuka mpaka kwenye kiini chenyewe, tulichokiita keneli, ile sehemu ya chini kabisa inayogawa kumbukumbu ya mashine na kuamrisha kila kitu kilichochomekwa. Nilidhani Thika nzima ni mimi peke yangu niliyewahi kuiona keneli kwa ndani. Pengine ilikuwa kweli, na nilitembea hivyo. Nikiingia kantini sikusalimu mtu, nilingoja kusalimiwa. Yule kijana ningekutana naye leo ningemzaba kofi kabla hajafungua mdomo.

Pale kiwandani nilikabidhiwa mizani ya magari. Gari likiingia na mahindi linapanda mizani getini, karani anaandika herufi moja kwenye kompyuta, mizani inatuma uzito, kompyuta inauhifadhi. L ni lori, T ni trekta, M ni mkokoteni. Basi. Lakini kompyuta na mizani havijuani. Lazima kuwe na kipande cha programu katikati, kinachokaa ndani ya keneli, kinachopokea amri huku na kuipeleka kule. Kipande hicho huitwa draiva. Nilikiandika mwenyewe kwa wiki tatu, na kilipofanya kazi mara ya kwanza niliita ofisi nzima ije ishangae. Wakaja, wakashangaa, nikazidi kuvimba.

Karani wa zamu ya asubuhi alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mkazi wa Kiandutu, anayekuja kazini kwa miguu kabla geti halijafunguliwa. Miaka mingi alikuwa ameshona magunia kwenye banda la kupakia, kule ambako vumbi la pumba na omena, wale dagaa wakavu, husimama hewani kutwa nzima. Kifua kikaharibika. Daktari akamwandikia karatasi kwamba asirudi tena kwenye vumbi, akirudi asimlaumu mtu. Meneja alimhamishia mizani, kwenye kibanda cha vioo, na sijui kama ilikuwa huruma au ni kwa sababu mtu wa chama cha wafanyakazi alikuwa amesimama pale. Mama huyo alikuwa amesoma mpaka darasa la saba. Vitufe alivijua kwa siku mbili. Alileta kitambaa chake cha kufumwa kutoka nyumbani akawa anafunikia kibodi, na kila aliyepita alimwambia, "Mimi siku hizi ni mtu ya ofisi." Hata kukohoa alikuwa amepunguza.

Shida yake ilikuwa moja: hakuwa na L. Sisi Wakikuyu wengi hatuna. L na R kwetu ni kitu kimoja, na kinachotoka mdomoni mara nyingi ni R. Mimi mwenyewe nikikasirika vizuri nasema rori, na mama yangu hajawahi kusema vingine maishani mwake. Sasa huyu mama aliandika kile anachosema. Gari likipanda, anajiambia kwa sauti, "Rori," na kidole kinakwenda kwenye R. Kompyuta inalia, inaandika KOSA. Yeye anadhani haijasikia. Anabonyeza R tena, kwa nguvu zaidi, mara tatu, mara nne. Halafu, "Haiya!", anakumbuka, anatafuta L, na kazi inaendelea. Uzito unaingia sawasawa. Hakuna kilo iliyopotea hata siku moja kwa sababu yake.

Tulimcheka. Aliyemwita Mama Rori wa kwanza ni mimi, nasema wazi. Jina likashika kiwanda chote, hadi madereva waliotoka mbali walikuwa wakifika getini wakipaza sauti, "Mama Rori, rori imefika!" Naye alicheka pamoja nao akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

Halafu mashine ikaanza kufa.

Haikuwa inafanya kosa lolote la kuonekana. Ilikuwa inakuwa nzito, nzito, kisha inaganda kabisa, na magari yanapanga foleni hadi barabarani, madereva wanapiga honi na kututukania wazazi. Naizima, naiwasha, inarudi kama mpya. Baada ya wiki moja hivi, inakufa tena. Meneja alikuwa mtu wa kupiga meza. Alipiga yake, akaja akapiga na yangu.

Na kila ilipokufa, ilikuwa zamu ya asubuhi. Karani wa mchana alikuwa mzee Mwislamu wa Majengo, mwenye Kiswahili kilichonyooka, na mikononi mwake haikufa hata mara moja. Yule mama alipougua akalala wiki mbili nzima, mzee akashika zamu zote mbili, na mashine ikakaa kimya ikifanya kazi kama imeponywa. Mama akarudi. Siku ya nane, ikaganda. Sasa mtaniambia nini? Kantini yote ilishapitisha hukumu. Wengine walisema ana mkosi, wengine wakasema anamwaga chai ndani. Mpishi alisema mikono yake imezoea sindano ya magunia na kompyuta inajua.

Meneja akaita kikao. Tulikuwa wanne ofisini kwake: yeye, mhasibu, msimamizi wa banda la kupakia, na mimi. Akaniuliza tatizo ni nini, na nijibu kwa lugha ya binadamu.

Nusu ya jibu nilikuwa nayo. Nilishajua kwamba kumbukumbu ya mashine inaisha. Kuna kitu ndani ya keneli kinachukua nafasi na hakiirudishi, kidogo kidogo, mpaka hakuna kilichobaki cha kugawa. Keneli yenyewe ilikuwa inatumika na watu wengi duniani bila ugonjwa huo. Kitu pekee cha kwetu kilichokuwa ndani yake kilikuwa draiva ya mizani, yaani kazi ya mikono yangu. Nilijua hivyo, ila mstari wenyewe sikuwa nimeuona. Nikataka kuonyesha kwamba hata Kiswahili cha kazi ninacho. Nikasema, "Kosa liko kwa dereva."

Meneja aliinuka. "Dereva gani? Wa gari gani? Nipe namba ya hiyo gari sasa hivi!"

Mhasibu akaangua kicheko. Nami nikacheka, nikasema, "Si dereva wa gari, bwana. Dereva wa kompyuta."

Meneja alikaa chini polepole. Akageuza shingo, akatazama dirishani. Kutoka pale kibanda cha mizani kilionekana vizuri, na ndani yake yule mama na kilemba chake, anapangusa vitufe kwa kile kitambaa. "Dereva wa kompyuta," meneja akasema. "Na si ndiye huyo anaiendesha?"

Nafasi ilikuwepo pale. Nimeipima mara nyingi tangu siku hiyo, haikuwa ndogo. Mhasibu alipenga kamasi, akakunja leso, akairudisha mfukoni. Ningesema: hapana bwana, dereva ni programu, na programu niliiandika mimi. Maneno kumi hivi. Sikuyasema. Nilitazama viatu vyangu, na meneja akachukua ukimya wangu kuwa ndiyo. Akaamua kwamba mama apewe wiki moja. Mashine ikifa tena mkononi mwake, anarudi kushona magunia. Msimamizi wa banda akauliza, "Na ile karatasi ya daktari?" Meneja akasema daktari si mwajiri wake.

Habari ilimfikia mama kabla ya chakula cha mchana. Alinikuta nje ya ofisi akanishika mkono wa shati. "Kijana yangu," alisema, "wewe ndio unajua hii vitu. Waambie mimi sijafanyia mashine kitu. Nikirudi kwa hiyo vumbi mimi nitakufa, na si mchezo nakuambia, nitakufa. Hata hiyo keneri wanasema, mimi sijawahi kuigusa."

Na mimi, Mungu anisamehe, kitu nilichosikia katika maneno hayo yote kilikuwa "keneri".

Nilimwambia nitamsaidia. Kesho yake, Jumatano, nikaenda kibandani na skrini ya pili, nikaichomeka ili nione kumbukumbu iliyobaki huku yeye akifanya kazi. Magari yalikuwa yamechelewa. Wapakiaji na madereva wawili watatu walikuwa wameegemea dirisha. Nikaona nafasi ya kuchekesha watu.

"Mama, kabla ya kazi, sema lori."

"Rori."

"Lori."

"Ro... Lo..." Akafunga macho. "Lori." Akafungua macho. "Lori! Lori, lori!" Uso wote ulifurahi kama wa msichana. Wapakiaji wakampigia makofi. Angekuwa mtu mwingine mahali pangu, angeishia hapo.

"Vizuri," nikasema. "Sasa sema: lori la Ruiru limelala."

Alinitazama kwanza. Alijua, naapa alijua. Lakini aliyeshika maisha yake ni mimi, kwa hiyo akajaribu. Alitaka sana kupatia L zote, hata akaziweka pasipostahili. "Rori... lori ra Luilu lime... rimerara."

Wakafa kwa kicheko. Mtu mmoja alijipiga kwenye ukuta wa bati. "Luilu! Mama wa Luilu!" Mimi nilicheka hadi machozi yakatoka. Yeye hakuziba mdomo safari hii. Alikunja kitambaa chake mara mbili, akakiweka kando, akangoja tumalize.

Gari likapanda mizani, naye akarudi kwenye kibodi. R. KOSA. R. KOSA. R, R. Kisha L. Na mimi, bado najifuta machozi, nikatupa jicho kwenye skrini yangu. Kumbukumbu iliyobaki ilikuwa imeshuka ngazi nne. Sikuona ikirudi. Ile L ya mwisho ilichukua nafasi yake na kuirudisha mara moja, lakini zile nne zilikuwa zimekwenda moja kwa moja.

Kicheko kilinikauka. Nikamwambia aende akanywe chai. Nikakaa kwenye kiti chake, kilikuwa bado na joto, nikabonyeza R. Ikashuka. Nikabonyeza L. Ikashuka, ikarudi. Nikabonyeza X, Q, herufi yoyote ile isiyo na maana. Kila kosa lilikula kidogo, na halikutapika.

Nikakimbia ofisini nikafungua programu yangu, na haikuchukua dakika tano. Nitawaeleza kama nilivyokuja kumweleza mama yangu miaka mingi baadaye. Chukulia kila amri ikifika, draiva inakwenda stoo kuchukua debe tupu la kuipokelea. Inaangalia herufi. Ikiwa ni nzuri, inafanya kazi, inarudisha debe stoo. Ikiwa ni mbaya, inasema KOSA na kuondoka zake pale pale, debe limebaki sakafuni. Hakuna anayelijua tena, hata stoo haijui liko wapi. Mimi nilikuwa nimeiandika njia ya mambo yakienda sawa kwa uangalifu wa mtu anayechora picha ya harusi. Njia ya mambo yakiharibika niliiandika ovyo, mstari mmoja wa kukimbia, kwa sababu moyoni niliamini wanaokosea ni wajinga na sina haja ya kusafisha nyuma yao. Ndiyo hivyo. Wala haikuwa kusahau.

Dawa ilikuwa mstari mmoja juu ya ule wa kukimbia: rudisha debe, kisha ondoka. Nikauandika. Nikapika keneli mpya, yaani nikaijenga upya yote pamoja na ule mstari, kwenye mashine ya mezani kwangu, kuanzia chai ya saa nne hadi watu waliporudi kutoka chakula cha mchana. Nikaijaribu kwa R mia moja. Haikushuka hata chembe. Niliona raha ambayo sijaipata tena katika kazi hii, nasema ukweli. Nilitembea ofisini nikipiga mluzi.

Meneja alikataa mizani isimamishwe katikati ya wiki. "Jumamosi mchana, geti likifungwa," akasema. Sawa. Jumamosi. Lakini sikilizeni hapa, maana hapa ndipo ninapojichukia. Kuizuia mashine isife mpaka Jumamosi hakukuhitaji keneli mpya. Kulihitaji kuizima na kuiwasha Alhamisi jioni, dakika tatu, madebe yote yangerudi stoo na Ijumaa ingepita salama. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote. Alhamisi jioni nilikuwa nakunywa soda na rafiki zangu nikiwaeleza jinsi nilivyokamata mdudu, ndivyo tunavyoita kosa la programu, ndani ya keneli. Yule mama hakunijia akilini hata mara moja.

Ijumaa asubuhi ikafa. Foleni, honi, matusi. Nilipofika kibandani meneja alikuwa ameshafika. Yule mama alikuwa amesimama mbali na kibodi, mikono juu mbele ya kifua, viganja nje. "Sijaigusa," alikuwa anasema. "Sijaigusa, ni yenyewe." Meneja hakupiga meza. Alisema tu, "Magunia." Mama akanitazama. Mimi nikaitazama skrini, na skrini ilikuwa imeganda, haikuwa na kitu chochote cha kutazama.

Jumamosi mchana niliweka keneli mpya. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Mwezi. Mashine haikufa tena. Walimleta karani mpya, msichana wa kwetu Ruiru, akakaa kwenye kile kiti, gari likapanda, akasema, "Rori," akabonyeza R. KOSA. Haiya! L. Siku nzima hivyo, na mashine haikutikisika. Hakuna aliyeona jambo hilo isipokuwa mimi. Yeye hatukumcheka, alikuwa mrembo.

Meneja alinishika bega mbele ya watu. "Tangu yule mama atoke haijazima hata siku moja," akasema. "Ulisema ukweli, injinia. Ilikuwa dereva." Nikapewa chumba changu, chenye feni na kufuli. Nilianza kumwambia, "Bwana, ile habari ya mizani, kwa kweli..." Akasema, "Ile iliisha, achana nayo." Nami nikaachana nayo. Nilifurahi kuambiwa niachane nayo, ndiyo ukweli wa mambo.

Alishona magunia miezi mitano. Banda lilikuwa nyuma ya chumba changu, na feni ikizimwa nilimsikia akikohoa. Nilijifunza kuiacha feni ikizunguka hata siku za baridi. Tulipokutana njiani alinisalimu yeye kwanza, "Habari ya kazi, kijana yangu," nami nikajibu nikiwa natembea. Alikonda. Nguo zikawa zinamtembea mwilini.

Alipoacha kazi hakuna aliyemwachisha. Kifua kilikataa tu. Alikuwa anarudi kwao Ngoliba, kwa dada yake, na siku ya mwisho akafanya kama watu wa umri wake wanavyofanya, alizunguka kiwanda kuaga mmoja mmoja. Nilimsikia akipita kantini, kwa mhasibu, kwa meneja. Nilifikiria kufunga mlango kwa ndani, lakini akawa ameshafika.

Hakuingia. Alisimama kizingitini, ameshika fremu ya mlango ili apumue. Ilimchukua muda kupata pumzi ya sentensi nzima. Nilikuwa na maneno yale kumi mdomoni, naapa, yalikuwa yamepangwa. Yeye akatangulia.

"Nimekuja tuagane," akasema. "Na mashine yako, kijana yangu. Nimekuharibia mashine yako na wewe ndio umeitengeneza. Sikujua. Usiniwekee kwa roho. Naomba unisamehe, niende nikiwa mwepesi."

Alikuwa ananingoja. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kikohozi, na hayakuwa na kejeli yoyote.

"Nimekusamehe, mama," nikasema.

Akanishukuru, mara mbili.